Duncan Scott hahitaji dhahabu ya peke yake

Mwogeleaji Duncan Scott ana medali nane za Olimpiki: dhahabu mbili na fedha sita. Hakuna Mskoti wa mchezo wowote ule aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Chris Hoy, mwendesha baiskeli wa Edinburgh, aliishia saba. Katika Uingereza nzima anayemzidi Scott ni mmoja tu, Jason Kenny mwenye tisa, na anayelingana naye ni Bradley Wiggins, wote wawili waendesha baiskeli. Hata hivyo, likija swali la nani mwogeleaji mkubwa kuliko wote kutoka Scotland, kuna hoja moja ambayo hutolewa ili kufunga mjadala: dhahabu zote mbili za Scott ni za mbio za kupokezana. Akiwa peke yake kwenye njia yake, hajawahi kugusa ukuta wa kwanza katika fainali ya Olimpiki.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa takwimu, na bado naipinga. Inampima mtu huyu kwa kipimo kisichomfaa, tena inaficha jambo kubwa kuliko yote katika safari yake: kwamba alilelewa, akafundishwa na akabaki Scotland, na huko ndiko medali zote nane zilikopikwa.

Tuanze na yule anayewekwa mbele yake, maana anastahili heshima. David Wilkie alizaliwa Colombo mwaka 1954, wakati Sri Lanka bado ikiitwa Ceylon, kwa wazazi Waskoti. Huko ndiko alikojifunzia kuogelea. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa shule ya bweni Edinburgh, akajiunga na klabu ya Warrender, na mwaka 1970, Edinburgh ilipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyo wa miaka 16 alipata shaba katika mita 200 kwa mtindo wa kifua, ule ambao miguu hupiga maji kama chura. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Munich, alipata fedha nyuma ya Mmarekani John Hencken. Alikuwa akivaa kofia na miwani ya kuogelea wakati ambapo washindani wengi wa ngazi ya juu waliingia majini vichwa wazi.

Edinburgh ilimfikisha hapo, lakini haikuweza kumfikisha mbali zaidi. Baada ya Munich alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Miami, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na ufadhili wa masomo, makocha na wapinzani wa kila siku. Akawa bingwa wa dunia Belgrade mwaka 1973. Akatwaa dhahabu mbili za dunia Cali mwaka 1975. Kisha ikaja Montreal, 1976, mita 200 zilezile dhidi ya Hencken yuleyule. Rekodi ya dunia ya Hencken ilikuwa 2:18.21. Wilkie aligusa ukuta kwa 2:15.11. Zaidi ya sekunde tatu! Katika mchezo ambao rekodi huvunjwa kwa sehemu za sekunde, hiyo ilikuwa sawa na kuwaacha wenzake wakiogelea mbio za muongo mwingine. Katika mbio 13 za wanaume bwawani Montreal, Wamarekani walishinda 12. Ya 13 ilikuwa yake. Hakuna mwanamume wa Uingereza aliyekuwa ameshinda dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki tangu 1908. Baada ya hapo akastaafu akiwa na miaka 22.

Wilkie alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 70, miezi miwili tu kabla ya Olimpiki ya Paris ambako Scott alifikisha medali ya nane. Kwa hiyo ulinganisho huu si wa kuvunjiana heshima. Nakiri waziwazi kwamba kilele cha Wilkie kiko juu kuliko kilele chochote cha Scott. Lakini ukubwa wa mwanamichezo haupimwi kwa kilele peke yake, hasa mwanamichezo aliyefanya kazi ya aina tofauti kabisa.

Kazi ya Scott ni ipi? Alizaliwa Glasgow Mei 1997, akakulia Alloa, mji mdogo karibu na mto Forth. Anaogelea mtindo huru katika mita 100 na 200, mtindo wa kipepeo, na mita 200 za mitindo minne, ambapo mtu huanza na kipepeo, akageuka chali, akaingia kifua, akamaliza kwa mtindo huru. Watu wa kuogelea wanajua maana ya kuweza yote hayo katika ngazi ya fainali za dunia. Misuli inayohitajika kwa mita 100 za kasi siyo ileile inayokubeba kwenye mita 200 za mitindo minne. Ratiba nayo haina huruma, kwani kila mbio ya mtu mmoja ya mita 200 ina mchujo, nusu fainali na fainali, na katikati ya hizo zinapachikwa mbio za kupokezana. Mtu anayechagua mbio moja anapumzika. Mtu anayechagua nyingi analipa, na hulipa kwa sehemu za sekunde.

Tazama alivyolipa Tokyo. Fainali ya mita 200 mtindo huru, Julai 2021: Tom Dean, Mwingereza mwenzake, 1:44.22, Scott 1:44.26. Tofauti ya 0.04, muda ambao hata kope haiwezi kufumba. Siku iliyofuata alirudi bwawani na Dean huyohuyo, James Guy na Matt Richards kwa mita 200 za kupokezana mara nne, naye akapewa zamu ya mwisho. Alizimaliza mita zake kwa 1:43.45, timu ikashinda kwa 6:58.58, ikakosa rekodi ya dunia kwa 0.03. Rekodi hiyo Wamarekani waliiweka mwaka 2009, enzi za yale mavazi ya plastiki yaliyokuja kupigwa marufuku. Halafu mita 200 za mitindo minne: Wang Shun wa China 1:55.00, Scott 1:55.28, fedha. Mwisho kabisa, kupokezana kwa mitindo minne, fedha tena, nyuma ya Marekani iliyoweka rekodi ya dunia. Medali nne katika Olimpiki moja, jambo ambalo hakuna Mwingereza wa mchezo wowote aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Sasa niambie, kama angejifungia kwenye mita 200 za mtindo huru peke yake, hizo 0.04 zingepatikana? Naamini zingeweza kupatikana. Uingereza ingekuwa na dhahabu ileile ya mbio hizo, imehama tu kutoka shingo moja kwenda nyingine, na Scott angekuwa na jibu kwa wanaombeza. Lakini asingekuwa Scott tunayemfahamu, na sina hakika kama angekuwa na medali nne.

Paris mwaka 2024 ilikuwa ya kikatili zaidi. Katika mita 200 mtindo huru David Popovici wa Romania alishinda kwa 1:44.72, na Scott akawa wa nne kwa 1:44.87. Kati ya dhahabu na mikono mitupu kulikuwa na 0.15. Siku iliyofuata alisimama tena zamu ya mwisho, na wale wanne wa Tokyo wakatetea taji lao. Haikuwahi kutokea kwenye Olimpiki watu walewale wanne kushinda mbio ya kuogelea ya kupokezana mara mbili mfululizo. Kisha akapata fedha ya mitindo minne nyuma ya Mfaransa Léon Marchand, ambaye mbele ya watu wake hakuna aliyemgusa wiki ile. Scott alikuwa na miaka 27.

Kupokezana kwa majini si mapumziko ya kundi. Wengi wanaotazama Olimpiki kila baada ya miaka minne hulichukulia jambo hili kama nyongeza ya kujaza sanduku la medali, na hapo ndipo wanapomkosea Scott. Katika mbio za kupokezana unaruka wakati mwenzako anagusa ukuta, kwa hiyo unakuwa tayari umeanza kuinama na kujirusha kabla mkono wake haujafika. Ukiondoka mapema mno, timu nzima inatolewa. Mrukaji mzuri huokoa nusu sekunde hivi ukilinganisha na kuanza kwa mlio wa kawaida. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba unaingia kwenye maji yaliyokwisha kuchafuliwa na mawimbi, mara nyingi ukiwa nyuma, na huwezi kupanga mbio zako mwenyewe. Unaogelea hesabu uliyorithi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Gwangju, Korea Kusini, Julai 2019, fainali ya dunia ya kupokezana kwa mitindo minne. Luke Greenbank aliogelea chali, Adam Peaty kifua, James Guy kipepeo. Scott alipopanda kwenye jiwe la kurukia, Marekani ilikuwa mbele kwa sekunde 1.11, na zamu yao ya mwisho ilikuwa ya Nathan Adrian. Kwa mita 100 hiyo ni zaidi ya urefu wa mtu mzima. Adrian si mtu wa kubahatisha. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 100 London 2012. Scott aliyala maji hayo yote, akapita, akagusa ukuta timu ikiwa na 3:28.10 dhidi ya 3:28.45 za Marekani. Zamu yake ilisomeka 46.14. Hadi siku ile katika historia nzima ya mchezo huu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuogelea zamu ya mita 100 kwa kasi zaidi, Jason Lezak wa Marekani, 46.06 huko Beijing 2008, na Wamarekani wanaisimulia zamu ile ya Lezak hadi leo.

Dakika ile hakuwa akijiogelea mwenyewe. Peaty na wenzake wawili walikuwa wamesimama ukingoni, hawana la kufanya tena, na kila kitu walichokifanya kilikuwa mikononi mwake. Nionavyo mimi, kuna wanamichezo ambao uzito huo huwavunja na kuna ambao huwapa kitu ambacho mbio za peke yao haziwapi. Scott ni wa kundi la pili. Linganisha zamu zake za kupokezana na muda wake wa peke yake, ukiondoa ile nusu sekunde ya kuruka, na bado utakuta anaogelea vizuri zaidi akiwa na watu nyuma yake. Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu, kwamba anahitaji kusukumwa. Mimi naliona kama tabia, na tabia katika michezo ni kipaji kama vilivyo vipaji vingine.

Siku tano kabla ya zamu ile, katika Gwangju ileile, Scott alikuwa amefanya jambo jingine linalosaidia kuielewa tabia hiyo. Alikuwa amepata shaba ya mita 200 mtindo huru, sawasawa na Martin Malyutin wa Urusi, na dhahabu ilikwenda kwa Sun Yang wa China baada ya aliyegusa kwanza kuondolewa. Sun alikuwa amewahi kufungiwa miezi mitatu mwaka 2014 kwa dawa iliyokatazwa, na mwaka 2018 chupa ya damu yake ilivunjwa kwa nyundo wakati wapimaji walipofika kwake. Kesi hiyo ilikuwa bado inasubiri kusikilizwa. Mwaustralia Mack Horton alikuwa ameshagoma kupanda naye jukwaani siku mbili nyuma. Scott alipanda jukwaa, akapokea medali yake, lakini hakumpa Sun mkono, na ilipofika picha ya pamoja alibaki kando, mikono nyuma. Sun alimgeukia na kumwambia: wewe ni mshindwa. Scott hakujibu. Shirikisho la kuogelea la dunia likawaonya wote wawili.

Wakati ule wengi walimlaumu kwamba alihukumu kabla ya mahakama. Sun alikuja kufungiwa miaka minane, hukumu ikafutwa, kesi ikarudiwa na adhabu ikawa zaidi ya miaka minne. Sisemi kwamba hukumu hiyo ndiyo inayompa Scott haki. Haki yake ilikuwepo tangu siku ile: alikuwa na miaka 22, hana jina kubwa, mdhamini yeyote angemshauri apige picha atabasamu. Alisimama kando kwa ajili ya mchezo wote. Ni mtu yuleyule wa zamu ya mwisho.

Na hapa narudi kwenye suala la nyumbani, ambalo kwangu ndilo kiini.

Wilkie alilazimika kuondoka. Haikuwa kwa kukosa uzalendo. Scotland ya miaka ya 1970 haikuwa na njia ya kumlipa mtu aogelee. Miaka mingi baadaye hali ilikuwa bado ngumu: Michael Jamieson wa Glasgow, aliyepata fedha ya mita 200 kifua London 2012, alikuwa akifanya mazoezi Bath, kusini mwa England. Hata timu ile ya dhahabu ya Tokyo, wenzake Scott walikuwa Bath. Yeye alikuwa Stirling, mwendo mfupi wa gari kutoka Alloa alikokulia, kwenye bwawa la mita 50 la chuo kikuu, chini ya kocha Steven Tigg aliyedumu naye Olimpiki baada ya Olimpiki. Alisoma hapohapo na kuhitimu hapohapo. Kathleen Dawson, aliyekuwemo kwenye timu ya dhahabu ya kupokezana kwa wanaume na wanawake pamoja Tokyo, naye alitoka katika bwawa hilohilo.

Hali haikubadilika kwa muujiza. Mwaka 1996 Uingereza ilirudi kutoka Atlanta na dhahabu moja tu, aibu ambayo iliwasukuma viongozi kuelekeza pesa za bahati nasibu ya taifa kwa wanamichezo wa juu. Pesa hizo zilianza kutoka mwaka 1997, mwaka aliozaliwa Scott. Kwa maneno mengine, kizazi chake ni cha kwanza kukuta meza imeandaliwa tangu utotoni: kocha wa kudumu analipwa, daktari yupo, mtaalamu wa chakula yupo, na mwogeleaji ana posho ya kumwezesha kuamka alfajiri kila siku bila kuuliza atakula nini. Chuo kikuu kikatoa bwawa na shirikisho la Scotland likatoa mpango. Rio 2016, watatu kati ya wanne waliopata fedha ya mita 200 za kupokezana walikuwa Waskoti: Stephen Milne, Dan Wallace na Scott mwenyewe, mwenye miaka 19. Nchi yenye watu takribani milioni tano na nusu! Hilo halikutokana na kizazi cha bahati.

Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako Scotland hushindana kwa bendera yake yenyewe, mavuno yake yanaonekana bila kuchanganywa na ya England. Fedha moja Glasgow 2014 akiwa kijana. Medali sita Gold Coast 2018, pamoja na dhahabu ya mita 100 mtindo huru mbele ya Chad le Clos na Kyle Chalmers waliofungana kwenye nafasi ya pili. Hakuna Mskoti aliyekuwa amewahi kupata sita katika Michezo ya mwaka mmoja. Birmingham 2022 sita nyingine, zikiwemo dhahabu mbili, katika mwaka ambao Uviko ulikuwa umemnyima mashindano ya dunia. Jumla 13, akampita mlenga shabaha Alister Allan aliyekuwa na kumi. Wanaosema hajawahi kushinda peke yake wanasahau kwamba dhahabu tatu kati ya hizo alizipata akiwa peke yake kwenye njia yake, amevaa rangi za Scotland.

Nakubali upungufu uliopo. Kwenye mashindano ya dunia ya bwawa refu hajapata dhahabu ya peke yake. Dhahabu zake ni za kupokezana, Budapest 2017, Gwangju 2019, Fukuoka 2023 na Singapore 2025. Katika mitindo minne amekutana na Marchand, ambaye Singapore alishusha rekodi ya dunia hadi 1:52.69, na sioni njia ya Scott kumfikia huko. Mtu akisema Wilkie aliutawala mtindo wake na Scott hajawahi kuutawala wowote, sina jibu la kumkanusha.

Lakini kama Scotland inauliza ni safari ipi inayoweza kurudiwa na mtoto mwingine, basi jibu ni Scott. Safari ya Wilkie ilihitaji Colombo, bweni na Miami. Ya Scott ilihitaji bwawa, kocha asiyeondoka na chuo kilicho karibu na nyumbani. Ndiyo maana habari za Alloa zinaniuma. Bwawa la umma la mji huo lilifungwa wakati wa Uviko na halikufunguliwa tena. Halmashauri haikuwa na pesa za kulikarabati. Kwa miaka, wilaya nzima ya Clackmannanshire, kwao na Mskoti mwenye medali nyingi kuliko wote wa Olimpiki, ikawa haina bwawa hata moja la umma. Si huko tu. Kupanda kwa bei ya gesi na umeme kumeyabana mabwawa ya halmashauri kote Uingereza, kwa sababu kupasha maji moto mchana na usiku ni gharama isiyopungua hata waogeleaji wakiwa wachache.

Glasgow imepewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 baada ya jimbo la Victoria la Australia kujitoa, na kuogelea kumepangwa bwawa la Tollcross, palepale alipopata medali yake ya kwanza ya Madola mwaka 2014. Hotuba zitatolewa, jina la Scott litatajwa katika kila moja, na kila kiongozi atakayelitaja aulizwe mtoto wa miaka minane wa Alloa anajifunza kuogelea wapi wiki hii, na nani anamlipia nauli.